Uzi, Brashi na Utepe: Mistari ya Magari katika Njia ya Tunduma

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliungana na kampuni ya Kiitaliano, Intersomer, kuanzisha shirika la malori lililoitwa Zambia-Tanzania Road Services. Sababu ilikuwa kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walikuwa wamejitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu nyuma, ikajikuta reli yake ya kwenda baharini imo mikononi mwa adui. Shaba ilihitaji mlango mwingine wa kutokea, na petroli mlango mwingine wa kuingilia. Mlango huo ulikuwa Tunduma, mji wa mpakani. Malori ya Fiat na matela yake yakaanza kupanda na kushuka kati ya Dar es Salaam na Ukanda wa Shaba, juu ya barabara ya udongo ambayo waandishi wa magazeti ya Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Masika lori lilizama kwenye tope, kiangazi likapotea katika vumbi.

Siasa za njia hiyo zimeandikwa, uchumi wake umeandikwa, na bomba la mafuta la TAZAMA lililofunguliwa mwaka 1968 pamoja na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa Julai 1976 vina vitabu vyake. Mistari iliyopakwa kwenye mbavu za magari haina kitabu. Ipo kwenye malori, mabasi, teksi na daladala. Mingine ni ya urembo, mingine ni amri ya serikali, mingine ni ya kuokoa maisha usiku. Na kila mstari ulinyooshwa na mtu. Jinsi alivyounyoosha ni sehemu ya historia ya barabara hii, nayo inastahili kuandikwa kabla mafundi wake hawajaisha.

Kazi yenyewe ilizaliwa mbali. Ulaya na Marekani, kabla ya injini, mafundi wa magari ya farasi walipitisha mistari myembamba kwenye mbavu za gari na kwenye mbao za magurudumu. Mstari ulificha kiungo cha ubao, ukalifanya gari zito lionekane jepesi, na ukamjulisha mteja kwamba fundi wake alikuwa na mkono. Brashi waliyotumia ilikuwa na manyoya marefu ya kindi, yamechongoka mfano wa jambia. Kampuni ya Andrew Mack, iliyoanza Marekani mwaka 1891, ilipata jina kwa brashi za aina hiyo, na hadi leo wachoraji wa mistari duniani wanaijua.

Kwenye nyanda za Mbozi na Momba, pande za Tunduma, hapakuwa na magari ya farasi. Mizigo ilipita vichwani mwa wapagazi, hata kwenye Barabara ya Stevenson, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1881 kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza hawakutaka kuipoteza barabara hiyo, na katika mkataba wao na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 mpaka ukapitishwa kaskazini yake. Ndiyo sababu Tunduma iko ng'ambo moja na Nakonde ng'ambo ya pili.

Hata hivyo, ujuzi wa kunyoosha mstari ulikuwapo nchini zamani. Mafundi wa majahazi wa Lamu, Unguja na Bagamoyo walikuwa na uzi wa ngeu. Uzi unapakwa rangi nyekundu ya udongo, watu wawili wanaushika huku na huku na kuukaza juu ya ubao, mmoja anaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia. Unapiga, na pale ulipopiga panabaki mstari ambao mkono mtupu hauwezi kuuchora. Seremala wa bara anafanya hivyo hivyo, na fundi rangi wa magari ameurithi ujuzi huo akibadilisha ngeu kwa unga wa chaki. Ukiona vijana wawili wamesimama huku na huku ya tela, uzi umekazwa katikati yao, unatazama kazi ambayo majahazi yaliitangulia kwa karne nyingi.

Magurudumu ya injini yalifika nyanda hizi kwa wingi baada ya dhahabu ya Lupa kupatikana miaka ya 1920. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu hiyo, na sehemu ya machimbo yale, kama Saza na Mkwajuni, leo imo katika Wilaya ya Songwe. Lori la zama hizo liliwasili bandarini likiwa chesisi na injini tu. Bodi lilijengwa hapa Afrika Mashariki, mara nyingi na mafundi wa Kalasinga ambao baba zao au wao wenyewe walikuja na ujenzi wa Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Bodi la mbao na mabati lina viungo vingi, na hakuna kificho kizuri cha kiungo kuliko mkanda wa rangi unaopita juu yake kutoka mbele hadi nyuma.

Lakini mkulima wa kahawa wa Mbozi hakununua lori. Alinunua baiskeli. Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, ilikuwa nyeusi yenye mistari ya dhahabu kwenye mabomba yake, na mistari hiyo ilivutwa kwa mkono na wafanyakazi wa kiwandani waliokuwa na kazi hiyo tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Naamini kwamba kwa familia nyingi za Mbozi na Ileje huo ndio mstari wa kwanza mzuri wa chombo cha moto au cha magurudumu ulioingia uani, nao uliwafundisha watu namna chombo kizuri kinavyotakiwa kuonekana.

Rangi ya baiskeli nayo ina habari yake. Ni rangi ya mafuta yenye kung'aa, inayouzwa katika makopo madogo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama wake Dar es Salaam, miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1972, aliitumia rangi hiyo juu ya mbao laini za dari. Inamfaa mchora mistari pia, kwa sababu inakauka polepole. Kwa kuwa inachelewa kukauka, alama za manyoya ya brashi hujifuta zenyewe, rangi ikatulia na kuwa sawa kama kioo. Rangi inayokauka haraka humkatia fundi njiani, mstari ukawa na vipande.

Kuvuta mstari kwa brashi bila kizuizi chochote ndiyo ngazi ya juu ya kazi hii. Fundi anachovya brashi, kisha anaipitisha mara kadhaa kwenye kipande cha kadi au kioo ili manyoya yajae rangi sawasawa na ncha ikae. Anaishika karibu na manyoya, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kidole cha mwisho kinatangulia kwenye ukingo wa bodi, kikiwa ndiyo reli ya mkono mzima. Anavuta kwa bega na miguu. Kifundo cha mkono hakisogei. Macho hayaangalii ncha ya brashi, yanaangalia mbele, mahali mstari unapokwenda. Unene unategemea mkandamizo: manyoya yakilazwa mstari unanenepa, yakiinuliwa unakonda. Kampuni ya Rolls-Royce, pale Goodwood nchini Uingereza, bado inamwajiri mtu wa kufanya kazi hiyo kwa mkono kwenye magari yake. Na Chennai, India, pikipiki za Royal Enfield zimekuwa zikivutiwa mistari ya dhahabu kwenye matangi kwa mkono, na mafundi wa ujuzi uliorithiwa ndani ya familia.

Miaka ya 1930 Mmarekani aliyeitwa Beugler alitoa kifaa cha kuwasaidia wasio na mkono huo: kikopo chembamba chenye rangi na gurudumu dogo mdomoni. Gurudumu linaviringika na kuacha mstari wa unene mmoja, na kijiti cha pembeni hufuata ukingo wa bodi. Ni kifaa cha busara, ila kinataka bodi iliyo laini. Lori lililokwishagongwa mara tatu likanyooshwa kwa nyundo na kujazwa puti lina mabonde ambayo gurudumu huyafuata yote.

Kilichoibadilisha kazi hii duniani kote, na hatimaye kwenye gereji za Mbeya na Tunduma, ni utepe wa karatasi ambao mafundi wetu huuita maskintepu. Watu wengi wanaoutumia kila siku hawajui kwamba ulibuniwa kwa ajili ya kazi hii hii ya mstari wa gari.

Kwanza rangi zenyewe zilibadilika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari mengi yalipakwa rangi kwa brashi, na kukauka kwake kulichukua wiki kadhaa. Ford, aliyetaka kutoa magari kwa haraka, aliuza Model T kwa rangi nyeusi peke yake kuanzia mwaka 1914 hadi 1925. Kisha kampuni ya DuPont ikatoa rangi ya Duco, ambayo ilikauka kwa muda mfupi na ilipulizwa kwa bunduki ya rangi. Bunduki hiyo nayo chimbuko lake ni kifaa cha Dakta Allen DeVilbiss wa Toledo, Marekani, cha kupuliza dawa kwenye koo za wagonjwa. Mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza kuwa cha kupulizia rangi mwaka 1907. Gari la Oakland la mwaka 1924 likatoka na rangi ya bluu ya Duco, na wanunuzi wakaanza kutaka magari ya rangi mbili.

Hapo ndipo mafundi walipopata taabu. Ili rangi ya pili isivuke mpaka, walibandika magazeti kwa gundi au kwa plasta ya hospitali. Plasta ilipobanduliwa iliondoka na rangi ya chini, na kazi ya siku nzima ikaharibika. Richard Drew, kijana wa maabara wa kampuni ya 3M iliyokuwa ikitengeneza misasa, alikuwa amepeleka sampuli za msasa wa maji kwenye gereji moja ya St. Paul, Minnesota, akamsikia fundi akilaani. Akaahidi kumtafutia dawa. Mkubwa wake alimwambia arudi kwenye misasa, lakini Drew aliendelea, na mwaka 1925 akatoa utepe wa karatasi yenye mikunjo midogo, upana wa inchi mbili, unaoshika bila kung'ang'ania. Mikunjo ile ndiyo siri yake, maana karatasi iliyonyooka haikubali kupinda, bali yenye mikunjo hunyumbulika na kufuata mviringo wa bodi. Hivyo msasa wa maji na utepe, vitu viwili ambavyo hukosi kuviona kwenye sanduku la fundi rangi wa Tunduma, vilitoka nyumba moja.

Namna ya kuutumia haijabadilika sana. Gari huoshwa kwa sabuni, mafuta yakafutwa kwa kitambaa chenye thina kidogo, na sehemu ya mstari ikasuguliwa kwa msasa laini wenye maji. Vipimo huchukuliwa kutoka kwenye bodi lenyewe, ukingo wa chini au wa dirisha. Fundi anayepima kutoka ardhini hudanganywa na springi iliyochoka au tairi lenye upepo mdogo. Alama za chaki zikishawekwa kila baada ya hatua, uzi unapigwa. Utepe unabandikwa kwa mvuto mmoja mrefu: mwanzo unashikizwa, mtu anatembea na roli hadi mwisho wa tela, anaukaza, anafumba jicho moja na kuutazama urefu wake wote, ndipo anaulaza. Anayebandika shibiri kwa shibiri hupata mstari wa nyoka. Ukingo unasuguliwa kwa ukucha ili rangi isipenye chini.

Mafundi wazuri huongeza hatua moja ambayo vijana wengi huiruka. Kabla ya rangi ya mstari, wanapitisha kwanza rangi ile ile ya bodi juu ya ukingo wa utepe. Palipo na tundu hujazwa na rangi hiyo ya bodi, nayo haionekani. Kisha rangi ya mstari hupulizwa nyembamba nyembamba, na utepe hubanduliwa kabla rangi haijakakamaa, ukikunjwa kurudi nyuma juu yake wenyewe. Ukisubiri hadi kesho, rangi hukatika meno meno.

Hali ya hewa ya mkoa wa Songwe ina masharti yake. Tunduma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Juni na Julai baridi huichelewesha rangi kukauka, na muda huo wote upepo mkavu unaleta vumbi linaloketi juu yake. Masika shida ni nyingine: rangi za kukauka haraka hunasa unyevu wa hewa na kugeuka zenye ukungu mweupe. Kumwagia maji sakafu ya gereji ili vumbi lisinyanyuke, kupuliza rangi jua likiwa limepanda, na kuchagua thina ya haraka au ya polepole kulingana na mwezi ni ujuzi unaopatikana kwa kukaa mahali.

Na kuna jambo ambalo naliona kuwa kiini cha ufundi wote huu. Bodi la gari halijanyooka. Limevimba katikati, limepinda mlangoni, limeshuka nyuma. Mstari ulionyooka kwa rula juu ya bodi kama hilo huonekana umepinda, na mara nyingine fundi hulazimika kuupinda kidogo ili jicho la mtu aliyesimama kando ya barabara liuone umenyooka. Uzi unampa mwanzo tu. Baada ya hapo hurudi nyuma, hutazama kutoka mbali, huja, hubandua, hubandika tena. Hakuna kifaa kilichoondoa hatua hiyo.

Barabarani nako, baada ya malori ya Fiat ilikuja lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha malori ya Scania yaliyounganishwa na kiwanda cha TAMCO pale Kibaha, kisha miaka ya 1980 ya uhaba wa kila kitu. Mwaka 1983 mabasi madogo ya watu binafsi yaliruhusiwa Dar es Salaam, na daladala ikaingia katika sheria. Miaka ya 1990 haisi na kosta za mitumba kutoka Japani zikajaa barabara zote, nyingi zikiwa na majina ya kampuni za Kijapani na mistari ya stika ya nchi yao, ambayo wenye magari waliiacha ilivyo.

Ndipo serikali nazo zikaingia katika kazi ya mistari. Kenya, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kusimamiwa tarehe 1 Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu. Uganda matatu nyeupe zikapewa mkanda wa miraba ya bluu. Dar es Salaam daladala zilipewa mikanda ya rangi kuonyesha njia, ili abiria aijue gari yake kabla hajasoma kibao, utaratibu uliosimamiwa na mamlaka ya usafiri, SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na baadaye LATRA iliyochukua nafasi yake mwaka 2019. Kwa fundi rangi hii ilikuwa neema. Gari ikibadilishiwa njia inahitaji mkanda mpya, na mkanda wa amri lazima uwe sawa kwa upana na kwa rangi.

Kwenye malori ya Tunduma mstari uliotawala ni mwingine, ule mwekundu na mweupe unaowaka usiku ukimulikwa. Haupakwi, unabandikwa. Ndani yake mna chembe ndogo za kioo au vijipande vya pembe tatu vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka, kwa hiyo dereva anayekuja na taa zake huuona kutoka mbali hata kama tela limeharibika bila taa kwenye kona ya mlima. Karatasi za namna hiyo zilianza kutengenezwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, na mtengenezaji alikuwa 3M, wale wale wa utepe wa Drew. Mkono uliompa fundi utepe ndio uliotoa pia kitu cha kuchukua nafasi ya rangi yake. Sina kinyongo na utepe huo. Anayeendesha usiku kati ya Igawa na Tunduma anajua thamani yake, na serikali ilifanya haki kuusisitiza.

Stika za urembo ni habari nyingine. Mashine za kukata plastiki kwa kompyuta zilienea tangu miaka ya 1980, na leo kijana mwenye kompyuta moja hukata mstari wa mita kumi kwa dakika chache, ukanyooka kweli. Mabasi mapya kutoka China hufika yakiwa na michoro yake tayari. Lakini stika ya bei nafuu kwenye jua letu hukakamaa, hupasuka, hunyanyuka pembe, na ikibanduliwa huacha gundi au kuondoka na rangi. Mstari wa rangi ukikwaruzwa hurudishwa kwa brashi asubuhi moja. Kwa gari la kazi, mstari wa rangi uliopakwa vizuri ni bora, na mwenye gari anayehesabu gharama za miaka mitano ataliona hilo.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Shaba bado inashuka, sasa na ya Kongo pia, na bidhaa bado zinapanda. Historia ya biashara hiyo itahifadhiwa na ofisi zenye kumbukumbu zake. Historia ya mafundi wake iko kwenye picha zilizo majumbani. Kwa hiyo nawaomba wenyeji wa Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo: kama unayo picha ya zamani ya lori, basi au baiskeli ya familia, andika nyuma yake mwaka na mahali, na kama unamjua fundi aliyeupaka mstari wake, andika na jina lake. Na walimu wa VETA wanaofundisha upakaji rangi, wawaite mafundi wazee waliobaki waje kuvuta mstari kwa brashi mbele ya wanafunzi, angalau mara moja kwa kila darasa.